Mafuta ya Moteri Iliyozeeka

Mzee mmoja wa mtaa wetu, hapa Bukavu, anayo motokari ya Volkswagen, ile ndogo yenye mgongo wa mviringo ambayo Wafaransa huiita Coccinelle. Ndiyo inayowalipia watoto wake karo, maana kila siku ya soko huchukua vikapu vya mboga pamoja na wenyewe mpaka mjini. Mwaka uliopita aliitengenezesha moteri, na fundi akaitia fimbo mpya ya kusukuma vali. Mzee, kwa upendo wake, akainunulia mafuta ya bei kubwa kuliko yote dukani, mepesi, yaliyoandikwa 5W-30. Hayakupita majuma mengi, moteri ikaanza kugonga, na mlima ikaushindwa. Alipotujia alisema: «Mwalimu, nimeinywesha maziwa ya mama, nayo yamekuwa sumu.»

Tulikwenda naye kwa fundi, tukaitazama fimbo ile. Nundu zake mbili zilikuwa zimelika kama sabuni.

Basi, wasomaji wapenzi, yafaa tueleze jambo hili. Katika moteri za zamani, nundu za fimbo hiyo husugua moja kwa moja juu ya visukumio vya chuma vyenye uso bapa. Uzito unaokandamiza mahali hapo padogo ni mkubwa mno, hata mafuta yenyewe husukumwa kando, chuma kikabaki kukutana na chuma. Kinachookoa ni dawa iliyochanganywa ndani ya mafuta, yenye zinki na fosforasi. Dawa hiyo huacha utando mwembamba juu ya chuma, nao hulika kwanza badala ya chuma.

Sasa, Taasisi ya Petroli ya Marekani huyapa mafuta ya moteri za petroli herufi mbili, ya kwanza S. Kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele, ndivyo mafuta yalivyo mapya. Mwaka 2004 lilitoka daraja la SM. Tangu hapo mafuta mepesi, kama 5W-30 na 10W-30, hayaruhusiwi kuwa na fosforasi kupita sehemu 8 katika kila sehemu 10,000. Sababu yake ni njema: fosforasi huharibu chombo cha kusafisha moshi katika motokari za siku hizi. Nazo nyingi katika hizo zina visukumio vyenye vigurudumu, vinavyobiringika pasipo kusugua, hata hazidhuriki. Walakini Volkswagen ya mzee wetu haina chombo hicho, wala haina vigurudumu. Imenyimwa dawa kwa faida ya mwingine.

Hatusemi kwamba mafuta peke yake ndiyo yenye kosa. Fimbo mpya huokoka au hupotea katika dakika 20 za kwanza. Yapasa moteri iendeshwe mara moja kwa mizunguko kama 2,000 kwa dakika, ili mafuta yarushwe kila mahali. Lakini hiyo iliachwa ingurume polepole nusu ya asubuhi, huku watu wakiishangilia.

Safari ya pili alitiwa 20W-50, mafuta ya bei ndogo zaidi. Kipimo kile cha juu cha fosforasi hakiyabani mafuta mazito namna hiyo. Hata hivyo ni vema kutafuta chupa inayotaja wazi zinki au moteri za zamani. Tarakimu iliyo mbele ya W huonyesha jinsi mafuta yanavyotiririka katika baridi, na ya mwisho jinsi yanavyobaki mazito katika joto la nyuzi 100. Bukavu tuna asubuhi za baridi, lakini barafu hatuna. Kwa nini basi tulipie 0W? Tena moteri iliyochakaa ina nafasi pana kati ya vyuma vyake, na mafuta mepesi hupenya upesi. Wengine huongeza vichupa vya zinki kwa kukisia. Sisi hatuvipendi, maana dawa ikizidi nayo hudhuru chuma.

Lakini hata mafuta yaliyo bora huchoka. Moteri ya Coccinelle hupozwa kwa hewa na kwa mafuta yake, nayo hubeba lita 2.5 tu, wala haina chujio la karatasi, ila wavu wa waya unaozuia takataka kubwa peke yake. Vumbi jekundu la njia zetu lapita humo. Ndiyo maana kitabu chake cha zamani kiliamuru mafuta yabadilishwe kila kilomita 5,000. Kwa njia zetu twashauri mapema zaidi. Mafuta yakiwa meusi, usiyalaumu: yanabeba masizi yasigande ndani.

Mzee amechora tarehe na kilomita kwa chaki ndani ya kifuniko cha moteri. Juzi alituonyesha: zimebaki 400.