Mtoto kuzaliwa amejaa maji: maswali ya kuuliza kliniki

Mama mjamzito wa Mkonze, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 una habari njema kwako. Vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104. Lakini watoto wanaofariki kabla ya kutimiza mwezi walikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000, na sasa ni 24. Hapo hatujasogea.

Mtoto anayezaliwa amejaa maji mwilini anatuonyesha sababu. Maji hujikusanya kifuani, tumboni na chini ya ngozi kabla hajazaliwa. Si uchawi, wala si kwamba mama alikunywa maji mengi. Huweza kusababishwa na upungufu mkubwa wa damu ya mtoto, kasoro ya moyo au maambukizi kama kaswende.

Mapafu yake yamebanwa, hivyo husaidiwa kupumua dakika ileile, na daktari anaweza kumtoa maji kwa sindano. Baada ya hapo kazi kubwa ni ya muuguzi: kumtunzia joto, kumgeuza taratibu kwa kuwa ngozi iliyovimba huchubuka upesi, kufuatilia mkojo na kumpima uzito kila siku. Ukiambiwa uzito umeshuka siku za mwanzo, usiogope. Mara nyingi ni maji yanatoka. Wewe endelea kukamua maziwa hata kama bado yuko kwenye dripu. Kazi hii haiwezekani kwa muuguzi anayekimbia wodi nzima peke yake usiku, na kwa maoni yangu fedha zielekezwe kwenye ajira hizo kabla ya majengo.

Hudhurio la kwanza kliniki, kabla ya wiki 12, uliza kundi la damu na kipimo cha kaswende. Kaswende hutibika kwa penisilini, na baba naye atibiwe. Kama kundi lako ni hasi na la mtoto ni chanya, unahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Ulizia mapema inapatikana wapi na kwa bei gani. Mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika, anayeumia ni anayefuata. Ndiyo maana wengi huipuuza.

Altrasaundi ikionyesha maji, usisubiri uchungu ukiwa nyumbani. Omba rufaa mapema kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, zote zipo jijini Dodoma. Mtoto huyu ni salama zaidi kusafirishwa akiwa bado tumboni mwako.