Alternatere haitaki kuingia: nyundo si jibu

Hapa Obokote alternatere mpya kabisa ni kitu cha watu wachache. Wengi wetu tunanunua ile yenye ilitengenezwa upya: shabo mpya, rulma mpya, rangi inang'aa. Shida inaanza siku ya kuifunga. Bulo haipite, fundi iko anatoka jasho, na mwenye gari anasimama nyuma yake: «Piga, itaingia tu.»

Sisi tunakataa hiyo «piga». Sikio la alternatere ni la aluminiamu. Ukililazimisha kwa nyundo linapata ufa. Pengine leo hauonekane, lakini mashimo ya barabara yetu yatamaliza kazi. Wengine wanakata sikio kwa mele. Alternatere inaingia kweli, lakini puli yake haitazamane tena na ile ya motere. Kuruwa inakimbia upande, inalia, inajikula, inakatika. Na kwa motere mingi kuruwa hiyo njo inazungusha pampu ya maji. Si taa tu zinakufa, motere nayo inachemka.

Mara nyingi dawa ni ndogo. Ndani ya sikio la nyuma kuko kibomba cha chuma chenye bulo inapita ndani yake. Kwa alternatere nyingi kibomba hicho kinatembea: ukikaza bulo, kinasogea na kubana chuma cha motere. Aliyeitengeneza upya hakukirudisha nyuma, basi nafasi imebaki ndogo. Kirudishe milimita moja ao mbili, kwa etau ama kwa bulo, ekru na duyi, na alternatere itaingia bila makelele. Pengine tena nusu ya mbele na ya nyuma zilifungwa vibaya, masikio hayatazamane. Unalegeza zile bulo ndefu zenye kuzishikanisha, unageuza nusu moja, unakaza. Ila usizitenganishe, shabo zisiruke mahali pao.

Juu ya hiyo tunaomba fundi asiachilie alternatere ya zamani mbele ya kufunga ingine. Aziweke zote mbili juu ya meza, apime masikio, puli na mifereji yake, mahali pa fishi. Na nyinyi ndugu wauza piesi, wenye kudai ya zamani papo hapo ndipo mtoe ingine: mteja atapima na nini? Mumuachie ile ya zamani hata siku moja. Rangi nayo (tumechoka na hiyo rangi!) mnaipaka mpaka pahali pa bulo, na rangi haipitishe masi. Fundi aikwangue.

Tunajua, wachuuzi wa mchele wanangojea na gari ikilala haina faida. Lakini alternatere ikikufa katikati ya pori usiku, bateri itashika taa muda kidogo, kisha giza. Na kesho yake nani atalipishwa? Shofere, yeye mwenye hakushika ile nyundo.

Basi, mwenye gari, mbele ya kutoa franka, mwambie fundi apime bateri motere ikizunguka. Kwa gari ya volti 12, inapaswa kuonyesha karibu 14. Ikibaki 12, gari isitoke garaji.