Kumbe si uvivu, ni safura!

Shoga, baada ya kujifungua nilikwenda kukaa kwa mama, Kilwa Masoko. Mtoto ana miezi minne, mimi hoi. Nikiinua ndoo moyo unadunda. Mume wangu alipokuja akadhani nimemchoka. Tukawa tunalala mzungu wa nne.

Zahanati wakapima choo kwa darubini, wakapima na wingi wa damu. Minyoo ya safura! Viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya miguu kutoka kwenye udongo wenye kinyesi, kisha minyoo hufyonza damu utumboni. Na mimi kutwa pekupeku shambani kwa mama.

Mama mkwe akasema, “Mwanangu, mwachishe ziwa, utamnywesha mtoto dawa.” Nusura nikubali. Daktari akakataa: albendazole huingia kidogo mno kwenye maziwa, na Shirika la Afya Duniani linaruhusu anayenyonyesha aitumie. Anayesubiri ni mwenye mimba ya miezi mitatu ya mwanzo.

Nikameza kidonge kimoja cha miligramu 400, nikaendelea na vidonge vya kuongeza damu. Mtoto hakukosa ziwa hata siku moja. Baba yake? Kaninunulia kandambili, na sasa anamchimbia mama choo kipya.