Sauti Zilizofungiwa Ndani ya MiniDisc

Mwezi wa Februari 2025 kampuni ya Sony ya Japani iliacha kutengeneza diski tupu za MiniDisc, pasipo kutaja chombo kingine cha kushika nafasi yake, na habari hiyo ikapita upesi, kama zipitavyo habari za mambo yaliyokwisha kusahauliwa. Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili jina lenyewe ni geni, maana huku kwetu kaseti ndiyo iliyotamalaki, ikabeba taarabu, hotuba na mawaidha hadi CD na simu za mkononi zilipokuja kuishusha enzini. Lakini mimi ni miongoni mwa wanaovipenda vinasa sauti vya MiniDisc na kuvitunza, na naona kisa chake kinastahili kuelezwa kwa urefu, si kwa ajili ya uzuri wa ufundi wake tu, ambao ni mwingi, bali kwa sababu ndani yake limo suala linalomhusu kila mtu aliyepata kubonyeza kitufe cha kurekodi: sauti ya mzazi, ya harusi au ya mahojiano, ikishanaswa, ni mali ya nani, ya huyo aliyeinasa au ya aliyekiunda chombo?

Sony iliitangaza MiniDisc mwaka 1991, na kinasa sauti cha kwanza, MZ-1, kiliingia madukani Japani tarehe 1 Novemba 1992, kisha Ulaya na Marekani, ambako kiliuzwa kwa dola 750 hivi, bei iliyokuwa baidi na mifuko ya watu wengi. Mwaka huo huo Philips ya Uholanzi ilileta mshindani wake, kaseti ya kidijitali iliyoitwa DCC, ambayo haikudumu: ilipofika 1996 ilikuwa imekwisha kuachwa. MiniDisc iliishi zaidi, hasa nchini kwake, kwa kuwa Wajapani walikuwa na desturi ya kukodi CD dukani na kuzinakili nyumbani. Diski yenyewe ina kipenyo cha milimita 64, nayo hukaa daima ndani ya kibweta cha plastiki chenye milimita 72 kwa 68 na unene wa milimita 5, hata kidole hakiigusi. Mzoefu hutambua aina zake mbili kwa kutupa jicho mara moja: ile iliyotoka kiwandani na muziki wake ina kidirisha cha kuteleza upande wa chini peke yake, na uso wake wote wa juu umeachiwa picha, ilhali ile ya kurekodia kidirisha chake hufunguka pande zote mbili, kwa sababu haina budi kufikiwa na mwanga kutoka chini na sumaku kutoka juu.

Katika mwanga huo na sumaku hiyo ndimo ilimo hekima yote ya chombo hiki. Tabaka la kurekodia ni mchanganyiko wa terbiamu, chuma na kobalti, ambao katika joto la kawaida hushikilia sumaku yake kwa ukaidi, usifutike kwa wepesi unaofuta utepe wa kaseti. Wakati wa kurekodi, leza hukipasha moto kidoa ambacho jicho haliwezi kukiona, mpaka kifikie karibu nyuzi 180 za Selsiasi, kiwango ambacho wataalamu wamekiita kwa jina la Pierre Curie, Mfaransa aliyechunguza jinsi joto linavyoziondolea metali nguvu ya sumaku. Hapo kidoa hupoteza mwelekeo wake wa zamani, na kichwa cha sumaku kilicho upande wa pili hukipa mwelekeo mpya kabla hakijapoa. Wakati wa kusikiliza, leza ile ile, ikiwa imepunguzwa nguvu, hupiga pale pale na kuakisiwa, na mwanga wake hurudi umegeuzwa kidogo sana upande mmoja au wa pili kwa kufuata mwelekeo wa sumaku, jambo lililogunduliwa na Mskoti John Kerr mwaka 1877. Kila nitiapo diski katika mashine hii ya mfukoni hustaajabia kwamba maarifa ya mabwana wale wawili wa karne ya 19, ambao hawakuwa wakiwaza muziki hata kidogo, yamekutana ndani ya chombo kinachoendeshwa na betri moja.

Kwa kuwa diski ni ndogo, sauti ya CD, ambayo hutumia biti zaidi ya milioni moja na laki nne kwa sekunde, ilipaswa kupunguzwa mpaka biti 292,000, karibu sehemu moja ya tano, na kazi hiyo ilifanywa na hesabu iitwayo ATRAC, ambayo huziacha sauti zilizofunikwa na kelele kubwa iliyo jirani nazo, kwa kuwa sikio la binadamu lisingezipata. Mwanzoni matokeo hayakuwa safi, na waliolalamika walikuwa na haki. Lakini Sony ilifanya jambo la busara: iliifunga kanuni ya kusoma isibadilike, ikaiacha kanuni ya kuandika iendelee kutengenezwa mwaka hata mwaka, kwa hiyo diski iliyorekodiwa kwa mtindo wa kawaida mwaka 2006 husikika bila ya tatizo katika mashine ya 1992. Leo, ambapo simu yenye umri wa miaka michache hukataliwa na programu mpya, uaminifu wa namna hiyo kwa mnunuzi wa kwanza ni wa kusifiwa. Palipotoka kasoro ni mwaka 2000, ulipoletwa mtindo wa kutia dakika 160 au 320 katika diski ya dakika 80. Diski ya namna hiyo ikitiwa katika mashine ya zamani, herufi LP huonekana mbele ya jina la wimbo, dakika zikahesabika, na sauti isitoke kabisa. Na mnunuzi wa mitumba asiyelijua hili hudhani diski imekufa, akaitupa ingali nzima.

Hata hivyo, kilichoniteka mimi ni fahirisi. Karibu na kitovu cha kila diski ya kurekodia pana mahali palipoandikwa kila kipande kinaanzia wapi, kinaishia wapi, na jina lake ni lipi. Ni kama daftari la mwenye duka, na mashine haijui kilichomo ghalani ila kwa kulisoma. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuukata wimbo vipande viwili, kuviunga viwili kuwa kimoja, kukipeleka cha mwisho mwanzoni, kukiondoa kikohozi katikati ya hotuba, na sauti yenyewe isisogee hata unywele mmoja hapo ilipo, kwa kuwa kilichobadilishwa ni maandishi ya daftari. Hayo yote yalifanyika mkononi, safarini, bila ya kompyuta, katika miaka ambayo mwenye kaseti alikuwa na mkasi na gundi. Majina huandikwa kwa kuzungusha gurudumu dogo kwa kidole gumba, A, B, C, mpaka ifike herufi itakiwayo, kisha kubonyeza na kuanza tena, na jina la mtu pamoja na tarehe huchukua dakika kadhaa za subira.

Mtu akimaliza kurekodi na kusimamisha mashine, herufi TOC, yaani ile fahirisi, huwaka na kuzimika kwenye kioo, na kiganja huhisi diski ikizunguka na kutulia, ikazunguka tena. Huo ndio muda wa hatari. Sauti imekwisha kuandikwa yote, lakini fahirisi bado. Betri ikichomoka au mashine ikigongwa, saa nzima ya mahojiano itabakia diskini na mashine itaripoti kwamba diski ni tupu. Wakusanyaji wameibuni dawa yake, na ni dawa ya watu wenye akili. Huchukua diski nyingine, wakairekodi kimya tokea mwanzo hadi mwisho kwa kipande kimoja, wakaitia mashineni fahirisi yake isomwe. Kisha, kwa kuihadaa swichi ndogo ya mlango isihisi kwamba umefunguliwa, huitoa diski ile na kuitia iliyopotea, wakaiamuru mashine iandike fahirisi iliyo kichwani mwake. Sauti iliyodhaniwa imepotea hufufuka, ikiwa kipande kimoja kirefu kinachosubiri kukatwa.

Sasa nije kwenye lawama. Mwaka 1988 Sony ilikuwa imeinunua kampuni ya santuri ya CBS ya Marekani, na tangu hapo nyumba moja ikawa na biashara mbili zisizoaminiana, moja ya kuuza vyombo vya kunakilia nyimbo, nyingine ya kuuza nyimbo zenyewe. Hofu ya biashara ya pili iliandikwa ndani ya vyombo vya biashara ya kwanza. Mashine za nyumbani ziliwekewa kanuni iliyoruhusu nakala moja tu ya kidijitali na kuizuia nakala ya nakala, na kanuni hiyo haikupambanua baina ya wimbo wa dukani na sauti ya nyanya yako iliyonaswa kwa kipaza sauti. Mashine nyingi za mfukoni hazikupewa kabisa tundu la kutolea sauti kidijitali. Mwaka 2001 zilikuja mashine za NetMD, zenye waya wa kuunganishwa na kompyuta, na mnunuzi angetaraji kwamba hatimaye mlango umefunguliwa. Kumbe ulifunguliwa upande mmoja, wa kuingiza nyimbo, na mwenye mahojiano yake mwenyewe aliendelea kuyatoa kwa waya wa masikioni, saa kwa saa. Oktoba ya mwaka huo huo Apple ilitangaza mshindani mpya, iPod. Upande wa pili, wa kutoa, ulianza kufunguliwa mwaka 2004 kwa diski mpya za Hi-MD zenye gigabaiti 1, zilizoweza kuchukua dakika 94 za sauti isiyopunguzwa, na diski za kale hazikuruhusiwa kupita mpaka mwaka 2006, ilipotoka MZ-RH1, mashine ya mwisho ya ukoo huo. Mapema mwaka 2005 Ken Kutaragi, mkubwa wa Sony aliyeiasisi PlayStation, alikiri hadharani mjini Tokyo kwamba kampuni yake ilijikosesha soko kwa kuogopa mno juu ya haki za nyimbo na filamu. Ungamo hilo lilikuwa la heshima, lakini lilihesabu hasara ya muuzaji, na hasara ya aliyenasa sauti haikutajwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaozikusanya mashine hizi na kuziacha ndani ya maboksi yasiyofunguliwa, kwa kungojea bei ipande. MZ-RH1 imepanda bei kwa sababu ya haki: ndiyo pekee iliyotengenezwa na Sony yenyewe kwa ruhusa ya kuzitoa sauti za diski za kale kwa upesi wa kompyuta. Kila iliyofungiwa kabatini ni mlango uliofungwa mara ya pili. Na kukaa bure hakuzihifadhi. Kioo cha MZ-RH1 hufifia. Betri bapa za kuchaji za mashine nyingine huvuja na kuitafuna sehemu zikaamo. Kichwa cha sumaku huning'inia kwa utepe mwembamba wa nyaya unaokunjwa kila diski iingiapo na itokapo, nao ukikatika mashine hubaki na uwezo wa kusoma, ila kuandika haiwezi tena. Mkusanyaji ninayemheshimu ni yule mwenye bisibisi ndogo, anayenunua mashine mbili mbovu apate moja nzima, na kumwazima mtu mwenye diski za marehemu baba yake.

Diski za namna hiyo ni nyingi kuliko tunavyodhani. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi waandishi wa redio, wanamuziki na watafiti wa lugha na ngoma walivichukua vinasa sauti hivi kila mahali, kwa wepesi wake na usafi wa sauti yake. Mwaka 2019 kundi la Radiohead la Uingereza liliibiwa rekodi za faragha zilizokuwa katika MiniDisc za mwimbaji wao Thom Yorke, za nyakati walipokuwa wakiiandaa albamu ya OK Computer, nao badala ya kumlipa mwizi waliziuza wenyewe kwa umma na kuelekeza fedha kwa wanaharakati wa mazingira. Saa nyingi za majaribio, makosa na nyimbo zisizokamilika zilidhihirika. Ikiwa diski za watu mashuhuri zilikaa zaidi ya miaka 20 bila ya kusikika, za watu wasio mashuhuri zina hali gani?

Wajibu ambao mtengenezaji hakuutimiza umetimizwa na wapenzi. Watu wa kujitolea wamechunguza lugha ambayo mashine za NetMD huzungumza na kompyuta, wakaandika programu za bure zinazofanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti, na baadaye wakapata njia ya kuzifanya mashine nyingi za Sony za aina hiyo zitoe zile sauti ambazo zilikatazwa kuzitoa. Wapo watakaoiita kazi hiyo uvunjaji wa kufuli. Mimi naiita kumrudishia mtu amana yake. Sasa kwa kuwa Sony haiuzi tena mashine wala diski, haina biashara ya kulinda hapa, na naitaka ichapishe kwa umma miongozo yake ya ufundi na kanuni zake zote za MiniDisc, ili fundi wa Osaka na wa Mombasa wapate kuzitengeneza bila ya kubahatisha. Na aliye na diski hizi kabatini asingoje hilo. Kwanza akisukume kile kidude cha ubavuni mwa diski mpaka tundu lionekane wazi, ili mashine isiweze kuandika juu yake; kisha atafute mashine inayosoma, hata kama haiandiki, aiunganishe na kompyuta kwa waya wa kawaida wa masikioni, na atenge muda, kwa maana diski ya dakika 74 kwa njia hiyo huchukua dakika 74.