TAHARIRI: MFUKO NYUMA YA MLANGO



Katika mkutano wa tawi uliopita palizuka ubishi ambao haukuwa katika ajenda. Mwanachama mmoja alisimama akauliza kama yafaa mfanyakazi awe na mfuko uliofungwa tayari nyumbani kwake, wenye karatasi zake na vitu vichache, ili siku ya mafuriko au ya kubomolewa nyumba aushike na kuondoka. Wengine walicheka. Mzee mmoja alisema kwamba afungaye mzigo kabla ya safari anaita safari yenyewe. Ndugu mwingine, ambaye twamheshimu sana katika kamati, alisema kwamba huko ni kumfundisha mfanyakazi kukimbia badala ya kudai mitaro na nyumba bora. Saa ilikuwa imekwisha, na mwenyekiti akafunga mkutano bila shauri kukatwa. Kwa hiyo twalileta neno hili hapa.

Twakumbuka mvua za mwaka 2024. Kuanzia Machi hadi Mei watu zaidi ya 200 walikufa katika Kenya nzima. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili maji yaliwazoa watu wa Mai Mahiu wakiwa vitandani. Huku Nairobi mito ilijaa ikaingia nyumba za Mathare na Mukuru. Tarehe 2 Mei Serikali ikaamuru wote wakaao karibu na mabwawa 178 waondoke katika muda wa saa 24, na baada ya hapo nyumba za kandokando ya mito ya Nairobi zikabomolewa. Wengi waliokaa humo walikuwa watu wa mshahara mdogo na vibarua. Walikaa humo kwa kuwa kodi yake ililipika, na kutoka humo mtu aliweza kwenda Eneo la Viwanda kwa miguu. Saa 24 zamtosha mtu ajuaye atachukua nini. Lakini maji ya usiku hayampi mtu hata dakika tano.

Mwanachama wetu mmoja, fundi wa mashine, alikuwa ameachishwa kazi mapema mwaka huo, na madai yake yalikuwa mezani kwa katibu. Barua yake ya kazi na karatasi za mshahara za miaka 9 zilikuwa katika sanduku la mbao chini ya kitanda, mahali ambapo karibu sisi sote twaweka vitu vya thamani. Maji yalipoingia, chini ya kitanda ndiko yalikofika kwanza. Asubuhi karatasi zilikuwa uji. Mwajiri alipopata habari hiyo, akasema mtu huyu alikuwa kibarua wa miezi michache tu.

Wasomi wa sheria watatujibu kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, yamtaka mwajiri aweke maelezo ya kazi ya mtu kwa miaka 5 baada ya kazi kwisha, na asipoyaleta mbele ya korti, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Ni kweli, na katibu alilisema hilo. Lakini mwajiri huyu hakukosa karatasi. Alileta zake, alizoziandika mwenyewe, na fundi hakuwa na hata moja ya kuzipinga. Shauri liliishia kwa mapatano, na pesa alizopewa hazikufika nusu ya haki yake.

Kwa hiyo jibu letu la kwanza ni kwamba mfuko uwepo. Ndani yake iwemo barua ya kazi, karatasi za mshahara, namba ya NSSF, kadi ya chama, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vya shule, kadi ya kliniki, na dawa za siku chache kwa yule anywaye dawa kila siku. Ongeza tochi, nguo moja moja na blanketi jepesi. Usizidishe. Tumeona mtu aliyefunga mfuko hata akatia sufuria na pasi ya makaa, na mkewe asiweze kuuinua. Mfuko ni ule ambao mtoto wa miaka 12 aweza kuubeba akiwa amemshika mdogo wake mkono. Karatasi zikunjwe ndani ya kopo la kasuku lenye kifuniko kinachobana, kwa kuwa maji hayaingii humo upesi, na kopo hilo kila nyumba inalo.

Mahali pa kuuweka ndipo penye ubishi zaidi. Chini ya kitanda tumekwisha kuona. Juu ya kabati mtoto hafiki. Sisi twasema utundikwe kwa msumari nyuma ya mlango, usawa wa bega la mtoto mkubwa, mahali mtu aweza kuupapasa gizani. Wengine wanaogopa mwizi. Basi usitie pesa ndani yake, na mwizi atapata karatasi za mshahara wetu akahurumie.

Kuna jambo lililo zito kuliko mfuko wenyewe, nalo ni kufuli. Wazazi wengi waendao kazi ya usiku hufunga watoto kwa nje, kwa hofu ya wezi na ya mitaa yetu. Twaijua hofu hiyo, nasi wengine tumefanya hivyo. Lakini mtoto aliyefungiwa nje kwa kufuli hana faida na mfuko wowote. Ufunguo mmoja uwe kwa jirani aliye nyumbani usiku, na watoto wajue ni jirani gani.

Tena, mfuko huu si wa moto. Katika mabanda ya mabati moto hauna subira. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja katika mtaro wa Sinai, Lunga Lunga, ikawaka, na watu wapatao 100 wakafa. Nyumba ikishika moto toka na watoto, na mfuko uungue. Kwa sababu hii mfuko peke yake hautoshi, na nakala ya kila karatasi yapasa ilale nyumba nyingine. Picha katika simu ni nzuri, ila simu nayo huibiwa, tena siku ya msukosuko huzimika.

Kwa ndugu yetu wa kamati twasema hivi: mitaro tutaidai, na barua ya madai imo katika ajenda ya mkutano ujao. Lakini fundi yule angekuwa na karatasi zake, tungalimpigania vizuri zaidi. Zamani wazee wetu walilazimishwa na Serikali ya kikoloni kuvaa kipande shingoni ndani ya kikebe, karatasi ya kumlinda bwana asikimbiwe. Hizi za leo zamlinda mfanyakazi, na hapana askari wa kutuuliza kama tumezihifadhi.

Kamati imekubali kutoa sanduku la chuma lenye kufuli, likae katika ofisi ya tawi ghorofani. Kila mwanachama alete nakala za karatasi zake katika bahasha yenye jina na namba yake ya uanachama. Katibu ataandika katika daftari na kumpa stakabadhi. Asiye na barua ya kazi kabisa, nasi twajua ni wengi, aje hata hivyo na karatasi yoyote yenye jina lake na la mwajiri, na katibu atamwandikia mwajiri kuitaka barua hiyo. Ofisi itakuwa wazi kwa kazi hii kila Jumamosi tangu saa nane mchana.