Uso Si Ufunguo

Wako watu wasemao kwamba mlango wa chumba cha seva hauna mlinzi bora kuliko kamera itambuayo sura. Husema kwamba ufunguo hupotea, kadi huazimwa, na nywila hunong'onezwa, lakini uso wa mtu hauachwi nyumbani wala haukopeshwi. Maneno haya ni matamu masikioni, na hapana shaka mara nyingi husemwa kwa nia njema. Walakini utamu wa neno si uthibitisho wa ukweli wake. Uso wa mtu ni jina lake, si ufunguo wake. Na ofisi inayoufanya uso kuwa ufunguo pekee hupoteza vitu viwili kwa wakati mmoja: usalama wa chumba na heshima ya mtumishi.

Mahali pema pa kulipimia jambo hili ni Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikikatwa kutoka Shinyanga, na Busega ikitoka upande wa Mwanza. Una wilaya tano, yaani Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, lakini kumbukumbu za watu wake hazikai tena katika majalada peke yake. Hospitali za serikali nchini huandika wagonjwa, malipo na dawa katika mfumo wa GoTHoMIS, na halmashauri nazo huweka hesabu zao katika kompyuta. Chumba kidogo chenye kiyoyozi na rafu za chuma chaweza kubeba siri za watu wengi kuliko masjala nzima ya zamani. Humo laweza kulala jina la mama aliyepimwa virusi vya UKIMWI, na jina la mkulima anayedaiwa. Kwa hiyo hapana abishaye kwamba mlango huo ulindwe. Ubishi ni juu ya namna ya kuulinda.

Hoja yenye nguvu zaidi ya watetezi wa kamera hutoka katika historia ya karibuni. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilihakiki watumishi wake, na zaidi ya 10,000 wakaonekana kuwa watumishi hewa: majina yaliyokula mishahara bila mwili wa kuyabeba. Mwenye kuzikumbuka fedha zile halaumiki akitamani mashine idaiyo mwili mbele ya jina. Lakini mfano huu ukitazamwa vema huwageukia wenyewe. Mtumishi hewa hakupita mlangoni. Hakuwa na uso wa kupita nao. Aliingizwa katika orodha kwa mkono wa mtu mwenye uso halisi, jina halisi, na ruhusa halisi ya kukaa mezani pale. Kamera ingalikuwapo, ingalimtambua mtu huyo bila kosa na kumfungulia.

Yafaa ifahamike kwanza mashine hii hufanya nini. Kamera huchukua taswira ya uso. Programu huigeuza taswira kuwa mfululizo wa tarakimu. Kisha tarakimu hizo hulinganishwa na zile zilizowekwa siku mtumishi alipoandikishwa. Tarakimu za leo hazilingani sawasawa na za jana, maana mwanga hubadilika, umri husogea, na uso hutoka jasho. Kwa hiyo mashine haisemi, "Huyu ndiye." Husema, "Huyu anafanana kwa kiasi hiki," na mtu mwingine, ambaye pengine ofisi haimjui, ameamua mapema ni kiasi gani cha kufanana kitoshacho. Kiasi hicho chaweza kuitwa kizingiti, na jina hilo linafaa mlangoni. Kizingiti kikiinuliwa, mwenye haki hukwama nje. Kikishushwa, asiye na haki hupita. Kampuni ya Apple, ilipoanza kufungua simu kwa uso mwaka 2017, ilisema kwamba uwezekano wa mgeni kuifungua simu ya mwingine ni mmoja katika 1,000,000. Lakini yenyewe ilionya kwamba hesabu hiyo si ile ile kwa mapacha na ndugu wafananao.

Tena makosa ya mashine hayagawanyiki sawa kwa watu wote. Desemba 2019, Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitoa matokeo ya kupima programu 189 kwa picha zaidi ya milioni 18. Katika programu nyingi, kosa la kumkubali mtu kwa uso wa mtu mwingine lilizidi kwa nyuso za Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, likawa dogo kabisa kwa nyuso za Ulaya Mashariki. Na tofauti ilifika mara 10, hata mara 100. Haki isemwe: programu chache zilikaribia usawa, na baadhi ya zilizotengenezwa Uchina hazikuwa na kasoro hiyo kwa nyuso za Asia Mashariki. Hapo ndipo lilipo somo. Programu huujua vema uso iliolelewa nao. Na kosa lililozidi si lile la kumfungia nje mwenyeji, ambalo huudhi tu. Ni lile la kumfungulia mgeni, jambo ambalo mlango ulijengwa kulizuia. Ofisi ya Bariadi inunuapo mashine kwa sifa zilizopimwa juu ya nyuso za kwingine, hununua kanzu iliyokatwa kwa kimo cha mtu mwingine.

Na ichukuliwe sasa kwamba mashine imekamilika, haikosei hata siku moja. Je, imejibu swali gani? Imejibu swali la "nani?", na swali hilo, katika mji kama Bariadi, halikuwa gumu tangu awali. Watu wenye shughuli ya haki katika chumba cha seva cha hospitali au cha halmashauri ni wachache, na mlinzi wa mlangoni huwajua kwa sauti, kwa mwendo na kwa salamu zao za asubuhi. Maswali magumu ni mengine. Kwa nini ameingia saa nane ya usiku? Ametumwa na nani? Ametoka na nini? Nani mwingine aliyeona? Kwa maswali hayo kamera ni bubu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mdudu wa nguoni ana uso ujulikanao. Ama mwizi wa mbali, yeye hana haja ya mlango; huingia kwa mtandao, kwa nywila dhaifu, au kwa barua ya udanganyifu iliyofunguliwa na mtumishi mwenye haraka. Basi mwizi wa ndani hufunguliwa na kamera, na mwizi wa mbali hapiti mbele yake.

Usukuma una sababu yake ya kulitafakari jambo hili. Katika Shinyanga na Mwanza, mikoa ambayo Simiyu ilitoka kwayo, wanawake wazee waliuawa kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi uliotajwa mara kwa mara ulikuwa macho yao mekundu, mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Kamera si mpiga ramli, na hapana haja ya kuyafananisha mambo yasiyolingana: mpiga ramli huzua, kamera hupima. Lakini iko dhana moja inayoyagusa yote mawili, nayo ni kudhani kwamba kilicho usoni hueleza kilicho moyoni. Kwamba shari ina sura yake, na kwamba sura iliyokubaliwa haina shari. Nchi iliyolipa gharama kubwa kwa dhana hiyo haipaswi kuijengea mlango wa chuma.

Nchi hiyo hiyo ina somo jingine, nalo ni la kuigwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi iliwapunja. Mizani ilikuwa na namba, na namba hazikuwa na namna ya kubishana na mkulima asiyejua kusoma. Dawa mojawapo waliyoitumia ilikuwa kuweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani, wasimame na kutazama. Katika mwamko huo Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, iliyokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika. Wakulima wale walifahamu jambo ambalo wasomi wengi wa leo hulisahau: mashine huaminika pale ambapo mtu wa upande wa pili amesimama akiitazama. Chumba cha seva kilicho na jicho la kamera na kisicho na jicho la mtu wa pili ni mizani bila mpimaji.

Bado haijatajwa gharama anayoilipa mtumishi. Ufunguo ukiibwa, kitasa hubadilishwa; nywila ikijulikana, hutungwa nyingine. Uso ukiibwa, mwenyewe atapewa uso gani? Hofu hii si ya kubuni. Agosti 2019 watafiti walitangaza kwamba wameikuta hifadhi ya BioStar 2, mfumo wa kampuni ya Suprema ya Korea Kusini utumiwao kulinda milango ya majengo, ikiwa wazi katika intaneti. Kwa taarifa yao, humo mlikuwa na alama za vidole za watu zaidi ya 1,000,000, pamoja na taarifa za kutambua nyuso, na nywila zilizoandikwa bila kufichwa. Chombo kilichonunuliwa kulinda milango kilikuwa chenyewe mlango usiofungwa.

Tena mtumishi wa serikali huhamishwa. Leo yuko Bariadi, mwakani yuko Songea. Siku ya kuondoka hukabidhi funguo, mihuri na majalada, na hati ya makabidhiano hutiwa saini na pande mbili. Uso haukabidhiki. Asipokuwapo mtu wa kuzifuta, tarakimu zake hubaki katika kifaa cha ukutani, au katika kompyuta ya muuzaji iliyo nchi nyingine, na yeye hana karatasi ya kuonyesha kwamba alizidai.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa za namna hii katika fungu la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida haziguswi bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Lakini ridhaa ni neno lenye uzito. Fundi kijana wa kompyuta, mwajiriwa wa mkataba, aambiwapo asimame mbele ya kamera au asiingie kazini, saini yake ni ridhaa ya namna gani? Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliiamuru Worldcoin ifute taarifa za miili ya Wakenya ilizokuwa imezikusanya, na mojawapo ya sababu ni kwamba ridhaa ilipatikana kwa kishawishi cha malipo. Ikiwa kishawishi huiharibu ridhaa, tishio la kukosa mkate huifanyaje?

Iko pia hoja ya umeme, ambayo wauzaji huipita upesi. Kila mlango ufunguliwao kwa umeme hauna budi kuwa na njia nyingine ya kufunguliwa umeme ukatikapo, la sivyo siku ya moto utaua. Kwa hiyo nyuma ya kamera daima uko ufunguo wa chuma katika droo ya mtu fulani, na ufunguo huo ndio unaotawala chumba. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilizimika duniani kwa muda wa saa 6 hivi. Wahandisi waliotumwa kuirekebisha walichelewa kuifikia mitambo, kwa kuwa majengo yale yalijengwa yawe magumu kuingiwa, na zana za ndani za kampuni zilikuwa zimezimika pamoja na mtandao wenyewe. Kampuni yenye mali nyingi kiasi kile ilitaabika kuingia katika nyumba yake. Sembuse halmashauri ya mkoani yenye jenereta moja.

Watetezi watauliza: basi mlango uachwe wazi? La. Kadi na namba ya siri viwe ndivyo funguo, maana vyote viwili hubadilika vikiibwa. Uso ukitakiwa, uwe shahidi wa pili tu, na tarakimu zake zikae ndani ya kadi ya mtumishi mwenyewe, si katika ghala la muuzaji. Na asiyetaka awe na njia nyingine isiyomtia aibu wala hasara. Kazi ya usiku ifanywe na watu wawili. Liwepo daftari la kuandika saa, sababu na aliyetoa ruhusa, na daftari hilo lisomwe kila mwezi na mkaguzi asiyekuwa wa idara ya kompyuta. Ufunguo wa chuma ukae katika bahasha iliyopigwa lakiri, kwa mtu wa tatu. Siku ya uhamisho, kadi irudishwe, tarakimu zifutwe mbele ya mwenyewe, na jambo hilo liandikwe katika hati ya makabidhiano kama yaandikwavyo majalada na mihuri.

Mambo haya hayana fahari. Hayapigiwi picha siku ya uzinduzi, wala mgeni rasmi hakatiwi utepe mbele ya daftari. Lakini mgonjwa wa Meatu aliyeitoa siri yake hospitalini hakuomba mlango wenye fahari. Aliomba kwamba siku siri hiyo itakapotoka, awepo mtu anayeweza kusema ni nani aliyeingia, aliingia kwa kazi gani, na ni nani aliyempa ruhusa.