Siku Mbili Mji wa Kale, Mombasa
Ziara fupi ya Mji wa Kale huanzia Fort Jesus asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, chini ya Mfalme Philip II wa Uhispania aliyetawala pia Ureno. Waomani waliitwaa 1698, na 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kutoka hapo mgeni hutembea kwa miguu katika barabara ya Ndia Kuu, akitazama milango ya nakshi na roshani za mbao, hadi Msikiti wa Mandhry na Bandari ya Kale. Mavazi ya heshima yanahitajika, na watu hawapigwi picha bila ruhusa. Siku ya pili yatosha kwa soko la Marikiti, lenye viungo, na kivuko cha Likoni, ambacho waendao kwa miguu hawalipi. Kwa wanaofika kwa reli, treni ya SGR kutoka Nairobi huishia Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa. Kwa hiyo nauli ya matatu hadi mjini iwekwe kwenye bajeti. Aprili na Mei ni miezi ya masika, hivyo anayetaka kutembea sana achague wakati mwingine.